Gari la rimoti halikati kona vizuri: nichukue sevo ya kilo ngapi?

Swali: Assalam aleikum. Nina Traxxas Slash ya 2WD, yaani ya kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, niloinunua mkono wa pili hapa Mombasa, naichezea ufuoni Pirates na wikendi twaenda kwenye timbo la zamani upande wa Mtwapa. Stelingi imelegea, nikikata kushoto magurudumu yaenda nusu halafu yarudi, na kwenye mawe hayageuki kabisa. Jamaa mmoja aniambia nichukue sevo (ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele) ya kilo 35 nimalize maneno, mwengine asema 20 yatosha. Nimeona pia hizi za kutengenezea roboti, bei yake chee. Nichukue ipi, na kuna kitu chengine natakiwa kubadilisha?

Jibu: Wa aleikum salaam ndugu yangu. Ntakupa jibu kwanza halafu ntakueleza kwa nini, ili ukienda dukani ama ukiagiza ujue watafuta nini. Kwa Slash ya 2WD chukua sevo ya gia za chuma, isoingia maji, ya kilo 15 mpaka 20 kwa volti 6, spidi yake 0.17 ama chini ya hapo, shafti ya meno 25. Hiyo ya 35 wacha. Na kabla hujatoa shilingi yoyote, hakikisha ugonjwa uko kwenye sevo kweli, manake hizo dalili mbili ulizonitajia hazitoki lazima mahali pamoja na nshaona watu wengi wakibadilisha sevo nzima halafu gari lakaa vilevile, pesa zishaenda.

Fanya hivi. Weka gari juu ya tofali ama kopo magurudumu ya mbele yaning'inie, washa rimoti, washa gari, stelingi iwe katikati. Sasa shika gurudumu moja la mbele ulitikise kushoto kulia polepole, na macho yako yasiangalie gurudumu, yaangalie ule mkono mdogo ulioko juu ya sevo. Gurudumu likicheza na ule mkono umetulia tuli, basi sevo yako haina makosa, mchezo uko njiani: kwenye vile vichwa vya plastiki vinavyokamata zile bolti za duara, kwenye beringi za magurudumu, ama kwenye belikrenki, yaani ile mikono miwili ya plastiki inayopokea nguvu kutoka kwa sevo na kuigawanya magurudumu mawili. Kwenye Slash hiyo belikrenki yakaa juu ya bushi za plastiki, na bushi hizo zikishapita kwenye mchanga wa Pirates muda fulani zaliwa mpaka shimo linakuwa kama yai. Badala ya kuweka bushi nyingine weka beringi ndogo za chuma, zapatikana, toa bushi moja upime kwa vernia upana wa ndani, wa nje na unene halafu uagize kwa vipimo hivyo. Kazi ya nusu saa na utashangaa gari limebadilika vipi kabla hata hujagusa sevo.

Ikiwa ule mkono nao wacheza, mshike kwa vidole viwili. Ukisikia yateleza halafu yashika, yateleza yashika, kwa kichwa cha shafti, ni meno ya ule mkono wa plastiki yamekwisha, huo wabadilisha peke yake. Ukisikia mlio wa krrr ndani ya boksi la sevo kila ikipita pahali fulani, hapo gia moja imevunjika jino. Na hiyo ndio dalili yako ya kwanza naifikiria zaidi, ya magurudumu kwenda nusu halafu kurudi, jino likikosekana sevo yazunguka mpaka hapo halafu yaachia. Lakini kuna kitu kimoja chengine chaweza kufanya vilevile, na hicho wengi hawakijui.

Ndani ya belikrenki ya gari lako kuna springi. Kazi yake ni kulinda sevo: gurudumu likigonga jiwe ama ukuta, ile springi yafunguka kidogo, kishindo chamalizikia hapo badala ya kuingia kwenye gia. Ni kitu kizuri na usiiondoe hata mtu akikwambia vipi. Lakini springi hii ikizeeka, ama plastiki zake zikiliwa, inakuwa laini sana, basi sevo yasukuma, springi yafunguka, magurudumu yabaki palepale. Kwenye mawe ndio yaonekana zaidi manake gurudumu limebanwa na mawe mawili. Jaribu hivi: gari likiwa chini juu ya saruji, bila kuliendesha, kata stelingi mpaka mwisho huku waangalia belikrenki kutoka juu. Ukiona upande wa sevo umeenda na upande wa magurudumu umebaki nyuma, pengo lafunguka katikati, hata ungeweka sevo ya kilo 60 haingesaidia kitu, nguvu yote ingeishia kwenye ile springi. Badilisha springi, ziko za ugumu zaidi, ama nunua belikrenki nzima na springi yake.

Haya, tuseme umeangalia yote na kweli sevo imekufa ama ni dhaifu. Hapo twaweza kuzungumza kilo.

Hizo kilo wanazotaja ni kilo kwa sentimita, yaani ukifunga kamba sentimita 1 kutoka katikati ya shafti, sevo yaweza kushikilia uzito huo. Kushikilia tu, sio kuugeuza, manake hiyo namba yachukuliwa sevo ikiwa imekwama kabisa haizunguki. Kwenye kazi yenyewe wataka utumie nusu ya hapo ama chini. Na gari halitumii sentimita 1, latumia urefu wa ule mkono. Chukua sevo ya kilo 15, ukifunga fito, ile inayounganisha mkono wa sevo na belikrenki, kwenye tundu la sentimita 1 na nusu wapata kilo 10 za kusukuma, ukisogeza kwenye tundu la sentimita 2 na nusu wapata kilo 6 peke yake. Kwa hivyo kabla mtu hajakwambia sevo yako dhaifu, tazama fito limefungwa tundu lipi. Tundu la ndani zaidi lakupa nguvu lakini magurudumu yageuka kidogo, la nje lageuza sana lakini dhaifu. Gari la mkono wa pili mara nyingi mtu ashabadilisha hapo bila kujua alichofanya.

Sevo inayokuja na Slash, ile namba 2075, ni ya karibu kilo 9 kwa volti 6 na spidi yake ni 0.17, gia zake za plastiki. Kwa gari la magurudumu mawili ya kusukuma, ambalo mbele kwepesi na hakuna difu mbele, kilo 9 zikiwa nzima zinatosha kabisa kwa barabara na mchanga uliobanika. Kinachoshinda ni zile gia za plastiki kwenye mawe. Ndio maana nakwambia 15 mpaka 20, wapata zaidi ya mara moja na nusu mpaka mara mbili na kidogo ya ulichokuwa nacho, na gia za chuma. Gari la 4x4 la saizi hiyohiyo ningekwambia 20 kwenda juu, gari la kupanda mawe polepole lenye matairi makubwa laini hilo kweli lataka 25, 30, 35 na zaidi, manake kule gari limesimama na gurudumu limebanwa. Jamaa yako wa kilo 35 huenda ana gari la namna hiyo, asemayo ni kweli kwa gari lake.

Spidi usiisahau, watu wanaangalia kilo peke yake. Spidi ni sekunde sevo inazotumia kwenda nyuzi 60, namba ikiwa ndogo ndio yaenda haraka. Ukienda kilomita 40 kwa saa gari lakata kama mita 11 kila sekunde, sasa sevo ya 0.17 ikimaliza hizo nyuzi 60 gari limeshakwenda karibu mita 2, ya 0.10 limekwenda mita 1 na kidogo. Kwenye ufuo mpana hiyo sio kitu, kwenye timbo lenye kuta hiyo mita moja ndio bampa yako. Na sevo nyingi za bei ndogo zenye kilo nyingi zimepata hizo kilo kwa kupunguza spidi, mota ni ileile gia ndio zimebadilishwa, kwa hivyo ukiona kilo 35 halafu spidi 0.22 ujue hiyo ni ya kupanda mawe. Mimi kwa Slash sichukui ya polepole kuliko 0.17, na ningependa 0.15 ama 0.13 kama mfuko waruhusu.

Halafu soma volti. Hapa ndio watu wanadanganyika sana. Kwenye boksi waandika 35KG kwa herufi kubwa, ukigeuza nyuma kwa maandishi madogo wakuta hiyo ni kwa volti 8.4, kwa volti 6 ni kidogo kuliko hapo. Gari lako latoa 6. Linganisha namba za volti 6 kwa volti 6, hizo nyingine zipite.

Sasa umeme wenyewe, na hapa nisome polepole maana ndio sababu kubwa nimekwambia uwache hiyo ya 35. Sevo haichukui umeme kwa betri moja kwa moja, yachukua kupitia BEC, kijisehemu kilichoko ndani ya ESC (kile kiboksi kinachoongoza mota kubwa ya gari) kinachoshusha volti za betri mpaka 6 na kulisha resiva (kile kinachopokea mawimbi ya rimoti) pamoja na sevo. BEC ya ESC iliyokuja na gari lako, ile XL-5, imewekwa kwa sevo ya kawaida iliyokuja na gari. Sevo kubwa ya dijitali ikikwama kwenye jiwe yaweza kuvuta ampia 3, 4, na zile kubwa kabisa zaidi ya hapo, kwa muda mfupi lakini yavuta. Ni kama kufunga tangi la lita elfu kumi kwa mpira wa bustani, ukubwa wa tangi hausaidii. BEC ikishindwa volti zaanguka, na anayeumia kwanza sio sevo, ni resiva, yazima kwa nukta moja halafu yawaka tena. Wewe utaona gari limekufa katikati ya mwendo halisikii rimoti, halafu lazinduka lenyewe, na ikiwa lilikuwa laelekea majini ama kwenye miguu ya mtu hapo huna breki wala stelingi. Ufuoni Pirates Jumapili watoto wamejaa, hilo halikubaliki hata kidogo.

Kuangalia, chukua mita, iweke kwenye volti, ingiza vichwa vyake kwenye tundu la resiva ambalo halitumiki, pini ya kati na ile ya pembeni upande wa waya mweusi. Gari likiwa chini juu ya saruji kata stelingi kushoto kulia haraka haraka. Ikibaki juu ya 5.5 uko vizuri, ikishuka chini ya 5 BEC yako imelemewa. Na ujue mita za kawaida ni nzito, zile anguko za nukta moja hazizioni, kwa hivyo ukiona imeshuka kidogo kwenye mita fahamu kwamba kihalisi imeshuka zaidi.

Dawa yake ni BEC ya nje. Ni kiboksi kidogo, waya mbili zaenda kwa betri, nyingine zaenda kwa resiva, chukua ya ampia 5 kwenda juu na uiweke volti 6 hasa, usiende 7.4 hata kama sevo yakubali, kwa sababu resiva yako inalishwa hapohapo na hiyo huenda haikubali. Ukishaifunga, ile plagi ya ESC inayoingia resiva uichomoe waya mwekundu wa kati peke yake, uinue kile kilimi cha plastiki kwa ncha ya sindano waya utatoka wenyewe, ukunje nyuma uufunge kwa tepu. Usipofanya hivyo BEC mbili zitashindana kwenye waya mmoja. Na kumbuka BEC ya nje imefungwa kwa betri, haijui suichi ya ESC, ukizima gari sevo yako bado ina umeme, kwa hivyo ukimaliza kucheza chomoa betri, sio suichi tu. Betri ya lipo ikiachwa hivyo usiku kucha yaisha chini kabisa na ikishafika hapo haifai tena.

Watu wengine watakwambia weka kapasita tu, kile kidude kinachohifadhi umeme kidogo, kwenye resiva inatosha. Kapasita yasaidia zile anguko fupi sana, ni kitu kizuri cha kuongezea na bei yake ndogo, lakini haitengenezi ampia ambazo hazipo. Sevo ya kilo 15 pamoja na kapasita kwenye XL-5 mara nyingi itakwenda sawa. Ya 20 pima kwanza kama nilivyokwambia. Ya 35 bila BEC ya nje usijaribu.

Unaona sasa kwa nini 15 naipenda kwako, kwa hiyo huenda usihitaji kununua BEC kabisa na hiyo pesa ukaiweka kwenye beringi na springi.

Kwa majina, ukitaka moja ya kuanzia kuangalia, kuna Savox SW-0231MG, ni ya kilo 15 kwa volti 6 na spidi 0.17, isoingia maji, gia za chuma, meno 25, imetumika kwenye magari ya aina yako miaka mingi. Ukitaka kupanda daraja kuna SW-1210SG, hiyo kama kilo 20 kwa volti 6 na yaenda haraka zaidi, lakini bei yake imechangamka na hiyo ndio BEC ya nje yaihusu. Zote zalia mlio mwembamba zikiwa zimesimama, hiyo ni kawaida ya sevo za dijitali, zasahihisha mara mia tatu kwa sekunde hivi wakati zile za analogi ni mara hamsini, usishtuke ukadhani imeharibika. Kampuni nyingine nzuri zipo, wewe beba zile sifa nilizokuandikia juu uzilinganishe.

Hizi za roboti ulizoziona nazijua, ni MG996R na DS3218, maduka ya elektroniki Nairobi na hapa zinauzwa kwa wanafunzi. MG996R kwa karatasi ni kilo 11 kwa volti 6 na gia za chuma, lakini boksi lake liko wazi kwa maji, na nakala zake ni nyingi mno, mbili zaweza kufanana kila kitu kwa nje na ndani kila moja na gia zake. Kwa gari la kuchezea barabarani sawa, kwa ufuo sikushauri. DS3218 hiyo ni nzuri kuliko bei yake, karibu kilo 20, imezibwa kiasi dhidi ya maji, na kama mfuko umebana ningekwambia chukua hiyo. Lakini angalia kitu kimoja kabla hujalipa: zauzwa za aina mbili, nyuzi 180 na nyuzi 270, kwa nje sawasawa. Rimoti ya gari hutumia nusu tu ya masafa ya sevo hizi, kwa hivyo ya 180 itageuka kama 45 kila upande, hiyo ndio yatakikana. Ya 270 itageuka karibu 67 kila upande, magurudumu yamefika mwisho na sevo bado yasukuma, itaungua wiki hiyohiyo. Muulize muuzaji waziwazi, na ukishaipata ijaribu kwenye resiva ikiwa mkononi kabla ya kuifunga.

Meno ya shafti nayo yahesabu. Futaba, Savox na nyingi za bei ndogo ni 25, Hitec yatumia 24, Sanwa, KO na JR ni 23. Gari lako ni 25 lakini kwa vile ni la mkono wa pili na hujui mwenye kwanza alifunga nini, hesabu mwenyewe, weka alama kwa kalamu kwenye jino moja uzunguke nalo. Usije ukalazimisha mkono wa 25 kwenye shafti ya 24, utaingia kwa nguvu na utaona umeshika, siku mbili umekwisha.

Maji na chumvi hili ni letu sisi wa Pwani na naomba ulichukulie kwa uzito. Ukiona sevo imeandikwa IP67, 6 ni vumbi haliingii, 7 ni kwamba imezamishwa mita 1 kwa dakika 30 na haikuingia. Lakini hiyo ni maji matamu kwenye maabara. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na chumvi haiui sevo siku hiyo, yaiua baadae. Yakauka kwenye ile ringi ya raba inayozunguka shafti, yawa chembe ngumu zinazokwaruza raba kila ikizunguka, mpaka siku moja maji yapata njia. Na pale chuma cha shafti kinapogusana na mkono wa alumini, pakiwa na maji ya chumvi katikati alumini yaanza kuliwa, watoa unga mweupe, halafu mkono wagandana na shafti mpaka uukate kwa msumeno.

Kwa hivyo ukitoka ufuoni, siku hiyohiyo, sio kesho, sehemu yote ya mbele ya gari ioshe kwa maji matamu, taratibu, usitumie mpira wa presha kwa sababu presha yasukuma mchanga ndani ya beringi. Na nisemapo maji matamu sisemi maji ya kisima, visima vingi vya kisiwani na upande wa Nyali na Kisauni maji yake ni ya chumvi, utakuwa waosha chumvi kwa chumvi. Maji ya mfereji, ama nunua mtungi mmoja wa maji matamu. Geuza stelingi kwa mkono polepole wakati waosha ili mchanga utoke pale chini ya mkono wa sevo. Halafu likae kivulini penye upepo, sio juani, na likikauka tia grisi ya silikoni kidogo pale shafti inapotokea. Oili ya injini hapana, yavimbisha baadhi ya raba. Na kule kuingia majini makusudi kupiga picha za maji yakiruka, maji ya bahari nakuomba wacha, ukitaka picha subiri mvua ya masika madimbwi yatajaa.

Kufunga nako kuna utaratibu wake. Sevo mpya usiizungushe kwa mkono kwa nguvu. Iunge kwenye resiva kwanza ikiwa nje ya gari bila mkono wake, washa rimoti, trimu ya stelingi (kile kitufe cha rimoti cha kusahihisha katikati) iweke katikati, washa gari, sevo yenyewe itajipeleka katikati. Zima. Hapo ndio wavisha mkono, usimame wima na fito likiwa pembe mraba na mkono. Jino moja la shafti ya 25 ni nyuzi 14.4, kwa hivyo haitakaa sawa kabisa mara zote, chagua jino lililo karibu zaidi na kinachobaki maliza kwa kurefusha ama kufupisha fito, trimu iwe ya mwisho kabisa. Watu wanamaliza trimu yote siku ya kwanza halafu stelingi yakata zaidi upande mmoja.

Mkono wenyewe, kwa vile springi yako iko kwenye belikrenki waweza kufunga wa alumini, lakini mimi kwa gari hili la ufuoni ningebaki na plastiki ngumu. Mkono wa plastiki ukivunjika wanunua mwengine kwa pesa kidogo, gia ya chuma ikivunjika jino wanunua seti nzima ya gia kama yapatikana. Na ikiwa una gari jengine ambalo springi yake iko hapo juu ya sevo yenyewe, usiweke mkono wa alumini badala yake, utakuwa umeondoa kinga yote. Skrubu tumia ile iliyokuja na sevo mpya, ya zamani ilikuwa ya kuingia kwenye shafti ya plastiki na uzi wake sio ule. Gundi ya uzi ya bluu tia tone moja pale chuma kwa chuma, kwenye plastiki usiguse, yaipasua.

Ukishafunga, kata mpaka mwisho kushoto na usikilize. Ikiwa yanguruma mfululizo ina maana magurudumu yamefika mwisho wake na sevo bado yasukuma, hapo ndipo sevo nyingi mpya zinaungua na mtu alaumu kampuni. Rimoti yenye endipointi, yaani mpangilio wa sevo igeuke mpaka wapi, ipunguze mpaka mngurumo unyamaze, kila upande kivyake. Rimoti isokuwa nayo, na nyingi rahisi hazina, sogeza fito tundu moja ndani. Zungusha betri moja ya kwanza pale penye saruji karibu na nyumbani, halafu shika boksi la sevo. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishika kwa vidole ukahesabu mpaka tano, rudi kwenye endipointi na uangalie kama kuna fito limepinda kabla hujaipeleka Mtwapa.